Barua ya Kumteua Msanifu wa Jumba la Malipo

Nchi tunayoisimulia ina jina zuri sana, ila jina hilo bado limo ndani ya kamati. Kamati ya Jina la Nchi ilikaa kikao chake cha kwanza miaka kumi na tisa iliyopita, ikaahirisha kikao hadi wajumbe walipwe posho ya kikao hicho hicho, na tangu siku hiyo wananchi wakiulizwa wanatoka wapi hujibu, "Huku huku." Basi huku huku ndiko alikozaliwa Sikudhani Mbaruku, msanifu majengo.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye penseli mbili kwenye nywele: moja ya kuchorea, nyingine aliyoisahau. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mashuka. Humo alikuwa na vitu viwili vya thamani. Cha kwanza ni muhuri wa mpira wenye namba yake ya usajili. Cha pili ni karatasi nne alizozipiga chapa mwenyewe, zilizoitwa Masharti.

Masharti hayo hayakuwa na neno la kutisha. Yalisema msanifu atafanya nini na hatafanya nini. Yalisema ada yake ni asilimia sita ya gharama ya ujenzi, italipwa kwa vipande, na kipande cha kwanza kitatoka siku barua ya uteuzi itakaposainiwa. Yalisema mteja akibadili mawazo baada ya kukubali, mabadiliko hayo yatalipiwa, na kwamba wawili hao wakiachana njiani, kila mmoja ajue anaondoka na nini. Zilikuwa karatasi za watu wazima wawili wanaokusudia kufanya kazi pamoja. Huku huku, karatasi za namna hiyo huitwa kiburi.

Mwalimu wake chuoni aliwaambia siku ya mwisho ya masomo: "Mchoro usio na muhuri ni picha. Ukishaupiga muhuri ni jengo. Msipige muhuri kabla ya barua." Wanafunzi wote walicheka. Sikudhani aliandika.

*

Serikali ilikuwa ikidaiwa. Ilidaiwa na walimu, na wauguzi, na wachimba visima, na bendi iliyopiga kwenye sherehe za uhuru, ambayo wapuliza tarumbeta wake wawili walikuwa wameshafariki wakiwa bado wanasubiri. Waziri wa Malipo, Mheshimiwa Dakta Tunzo, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo hiyo, alitoa ufafanuzi redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaoeneza uzushi kwamba serikali haina fedha. Fedha zipo. Kisichokuwepo ni mahali pa kuwalipia. Mtu anayestahili heshima hawezi kulipwa barabarani kama muuza karanga. Kwa hiyo tutajenga Jumba la Malipo, lenye madirisha arobaini. Walimu dirisha la kwanza, wauguzi la pili, na wataalamu wote, wakiwemo wasanifu, dirisha namba saba."

Wananchi walishangilia. Wiki hiyo hiyo Sikudhani aliitwa wizarani, akaambiwa yeye ndiye atakayelichora.

"Nashukuru, Mheshimiwa," alisema. "Ila nina swali. Ada yangu nitalipwa wapi?"

"Dirisha namba saba. Hukusikia redio?"

"Nilisikia. Lakini dirisha hilo liko kwenye jengo ambalo bado sijalichora."

"Ndiyo maana tuna imani utachora haraka," alisema Waziri, na wapambe wake wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wamepangiwa kupiga makofi hapo.

*

Mambo ya uteuzi yalikuwa chini ya Bwana Fulgence Lwambano, Afisa Uteuzi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kiti hicho, na katika miaka yote hiyo hakuwa amemteua mtu hata mmoja. Mjini walimwita Gogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hizo karatasi ni za nini?"

"Ni Masharti yangu. Tukikubaliana, nipewe barua ya uteuzi, nianze kazi."

Lwambano alizisoma zote nne, taratibu, akirudia rudia. Alipomaliza alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Nzuri sana. Zimeandikwa kwa akili. Sasa nikueleze utaratibu. Barua husainiwa baada ya kamati kuiona michoro iliyokamilika. Tutamteuaje mtu ambaye kazi yake hatujaiona?"

"Na mimi nitaifanyaje kazi ambayo hamjaniteua?"

"Binti, hata mchumba mtu humwona kwanza, ndipo atoe mahari."

"Humwona, mzee. Hamzalishi watoto watatu kwanza."

Lwambano alicheka hadi uzi wa miwani ukakatika. Kisha, akiwa bado anaufunga, alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo jingine dogo. Sheria inadai dhamana ya nia njema. Msanifu aweke hati ya nyumba wizarani, iwe yake au ya ndugu yake, na atarudishiwa siku uteuzi utakapokamilika, iwapo hatakuwa anadaiwa.

"Nidaiwe nini? Mimi ndiye nitakayedai."

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa," alisema Lwambano, na hakumtazama.

*

Sikudhani hakuwa na nyumba. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa nayo: vyumba vitatu Mtaa wa Kisimani, bati la kutu, sakafu ya saruji iliyong'aa kwa kusuguliwa. Alikuwa ameijenga mwenyewe kwa fedha za kufua nguo za hospitali, miaka mitano, tofali kwa tofali.

Mlango wa mbele ulikuwa na fremu ya mninga. Chini ya rangi yake, ukipitisha kidole, ulisikia mikwaruzo mingi, mistari midogo iliyopangana kama meno ya kitana. Huo ndio uliokuwa mkataba wa nyumba ile.

"Mimi na fundi Shomvi hatukujua kusoma," Bi Mwanahawa alimwambia binti yake, kwa mara ya mia. "Fremu tuliisimamisha kwanza, kabla ya kuta. Kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, ikikaa, nachukua msumari, naweka alama. Nikimlipa, naikata. Tulimaliza nyumba hakuna anayemdai mwenzake. Wewe barua wameshakupa?"

"Watanipa, mama."

"Watakupa lini?"

"Michoro ikikamilika."

Bi Mwanahawa aliinuka, akatoa bahasha chini ya godoro, akaishika kwa mikono miwili.

"Shomvi hakuweka tofali hata moja kabla hatujasimama mlangoni tukapatana," alisema. "Na Shomvi alikuwa mlevi. Haya, chukua. Lakini irudi, Siku. Mimi sina pengine."

"Itarudi, mama. Ikisainiwa barua, wananirudishia hati na kipande cha kwanza cha ada. Naapa."

Hakuifungua bahasha. Alikuwa amevipima viwanja vya watu nusu ya mji, lakini kile alikozaliwa hakuwahi kukipima, kwani nani hupima kwao?

*

Vikao na Waziri vilianza. Pembeni ya Waziri aliketi bwana mmoja mwenye daftari jeusi, na kila Waziri alipofungua kinywa, bwana huyo aliandika. Sikudhani alifurahi kuona vikao vinaandikiwa muhtasari.

"Hii asilimia sita," alisema Waziri, "ni asilimia sita ya nini?"

"Ya gharama ya ujenzi, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo jengo likipanda bei, na wewe unapanda?"

"Kazi nayo huwa imeongezeka."

Waziri aliwageukia wapambe. "Mmesikia? Anataka tujenge kwa gharama kubwa." Wapambe walisikitika kwa pamoja.

Ili kulinda fedha za umma, ikaamuliwa kwamba jengo liwe na gharama mbili. Ya kwanza, ya mkandarasi, ambaye alikuwa shemeji wa Waziri, ilikuwa bilioni arobaini. Ya pili, ya kukokotolea ada ya msanifu, ilikuwa milioni mbili na nusu. Sikudhani aliuliza inawezekanaje jengo moja liwe na bei mbili, akajibiwa kwamba hata yeye ana majina mawili.

Kisha yakaja mabadiliko. Madirisha arobaini yakaonekana mengi, wananchi wangedhani serikali inadaiwa sana. Yakawa ishirini. Yakawa kumi. Mwisho yakawa saba, kwa sababu namba saba ilikuwa imeshatangazwa redioni, na ikaamuliwa sita ya kwanza yawe ya kupokelea fedha kutoka kwa wananchi. Ukaongezwa ukumbi wa kupongezana. Ikaongezwa lifti.

"Lifti iende wapi, Mheshimiwa? Jengo ni la chini tu."

"Iende juu."

"Hakuna juu."

"Hiyo sasa ndiyo kazi yako, binti."

Bwana wa daftari jeusi aliandika.

"Na kiwanja?" Sikudhani aliuliza, kama alivyouliza katika kila kikao. "Siwezi kuchora jengo bila kujua litakaa wapi."

"Chora kwa mita ishirini na mbili kwa kumi na nane."

"Kiko wapi hicho kiwanja?"

"Kipo," alisema Waziri. "Kiwanja hakikimbii."

*

Ikapita miezi saba. Sikudhani alikataa kazi nyingine, akauza pikipiki yake, akahamia kulala ofisini ili alipe kodi moja badala ya mbili. Michoro ikafika karatasi arobaini na moja. Ilikuwa mizuri. Hata ile lifti aliitafutia juu: alibuni mnara mdogo wa kuingiza hewa, na mtu akipanda angeuona mji wote.

Aliipeleka wizarani bila muhuri.

"Haina muhuri," alisema mkandarasi, ambaye makatapila yake yalikuwa yamewashwa tangu mwezi uliopita na yanaunguza mafuta ya serikali yakiwa yamesimama.

"Haina barua," alisema Sikudhani.

Walimtisha, hakutishika. Walimwambia si mzalendo, akawaambia uzalendo wake ameuchora karatasi arobaini na moja. Siku kumi na tisa muhuri ulikaa kwenye mkoba wake, na siku hizo zote alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika nchi ile, ingawa alikuwa akinywa chai bila sukari. Siku ya ishirini Waziri aliagiza: aandikiwe barua.

Lwambano alimwita, akafunga mlango, akachungulia dirishani, akaketi.

"Binti, mimi wananiita Gogo. Najua. Miaka ishirini na miwili sijamteua mtu. Unadhani kwa nini?"

"Watu wanasema ni uvivu, mzee."

"Waache waseme. Asiyeteuliwa hawezi kudaiwa. Ndivyo sheria ilivyo: serikali haiwezi kumdai mtu ambaye haijamteua. Wewe umeisoma upande wako tu." Akainama. "Sikiliza. Kataa barua. Sema unaumwa. Nipe wiki mbili. Humu faili hupotea kila siku, na lako litapotea, na hati ya mama yako itaangukia kwenye mkoba wako. Mimi nimeshawapotezea wengi."

Sikudhani aliitazama ile miwani ya uzi. Alitamani kumwamini. Lakini alikuwa mtu wa karatasi nne, na karatasi hizo hazikuwa na mahali pa faili kupotea.

"Sitaki hati yangu iibiwe irudi kwangu, mzee. Nataka nirudishiwe. Kwa barua."

"Barua utaipata," alisema Lwambano. Kisha akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, akasaini uteuzi. Aliandika polepole, kama mtu anayejifunza kuandika.

Sikudhani akaitazama saini tu, akapiga muhuri. Arobaini na moja. Kila mara ulipotua, mezani palilia kama mtu anayebisha hodi.

*

Alikuwa ameshafika ngazini ndipo akaisoma.

Barua ilimpongeza. Ilisema ameteuliwa kuwa Msanifu wa Jumba la Malipo kuanzia siku alipoingia wizarani kwa mara ya kwanza, na kwamba uteuzi wake umekoma jana. Ilisema serikali imeyapokea Masharti yake kwa moyo mkunjufu, imeyapitisha yote bila kupunguza hata nukta, isipokuwa imebadilisha mahali pa majina mawili: palipoandikwa "msanifu" pasomeke "mteja", na palipoandikwa "mteja" pasomeke "msanifu".

Akakaa kwenye ngazi. Akasoma Masharti yake upya, kwa majina yaliyohama. Msanifu atamlipa mteja asilimia sita. Msanifu ataheshimu muda wa mteja. Mabadiliko yote ya mawazo yatalipiwa, na atakayelipa ni msanifu. Nyuma ya barua kulikuwa na ankara iliyonakiliwa kutoka daftari jeusi: mawazo sitini na matatu ya Mheshimiwa Waziri, lifti ikihesabiwa mara tatu kwa kuwa aliisema mara tatu. Juu yake, asilimia sita ya gharama ya ujenzi.

Alirudi mbio hadi mlango wa Lwambano.

"Asilimia sita ya gharama ipi, mzee? Si milioni mbili na nusu?"

"Hiyo ilikuwa ya kukulipa wewe," alisema Lwambano. "Ukilipa wewe, ni bilioni arobaini."

"Sina hata nauli."

"Wanajua. Ndiyo maana kuna dhamana."

Alifungua faili, akamgeuzia hati ya Bi Mwanahawa. Karatasi ilikuwa ya njano, imekunjika mara nne. Sikudhani akaisoma kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kiwanja namba kumi na moja, Mtaa wa Kisimani. Mita ishirini na mbili kwa kumi na nane.

*

Makatapila yalifika Jumatatu saa tatu asubuhi, yakiwa na maua. Palikuwa na zulia, bendi (ile ile, ikipungukiwa tarumbeta mbili), na kipaza sauti.

"Leo," alisema Mheshimiwa Dakta Tunzo, "tunamshukuru mama huyu aliyejitolea kiwanja chake kwa taifa."

"Sijajitolea," alisema Bi Mwanahawa.

"Mnaona unyenyekevu wake?" alisema Waziri, na watu wakapiga makofi. "Wengine wakitoa, hutangaza. Yeye anakana! Ndugu wananchi, taifa lenye akina mama wa namna hii haliwezi kukosa mahali pa kulipia!"

Bi Mwanahawa aliulizwa kama ana neno la mwisho. Aliomba fremu ya mlango. Kamati ndogo ilikaa pale pale, ikaona kwamba fremu haikuhesabiwa kwenye hati, ikamruhusu kuondoka nayo kwa masharti kwamba aibebe mwenyewe. Sikudhani alishika juu, mama alishika chini. Nyuma yao nyumba ililala kwa mkupuo mmoja, vumbi likawapita, likawatangulia barabarani.

*

Jumba la Malipo lilifika kozi ya tisa, likasimama. Mkandarasi alikuwa amelipwa bilioni zake zote mapema, lakini mafundi walikuwa walipwe jengoni, kwenye dirisha, na kuta hazikuwa zimefika usawa wa dirisha. Ili kutovunja ahadi ya redioni, ukajengwa haraka ukuta mmoja wenye tundu la mraba, ukapakwa rangi, ukaandikwa namba saba. Ulizinduliwa. Ukichungulia tundu hilo upande wa mbele unaona jalala, ukichungulia nyuma unaona watu waliopanga foleni.

Mama na binti walipanga chumba kimoja jirani na hapo. Fremu waliiegemeza ukutani, haifunguki kwenda popote. Kila asubuhi Bi Mwanahawa alikwenda kuzihesabu kozi, na zote tisa alikuwa ameshaziwekea alama kwa msumari.

Siku moja akabisha hodi mzee mwenye miwani ya uzi. Bwana Lwambano alikuwa amestaafishwa kwa kosa la kumteua mtu kinyume na desturi ya ofisi. Kiinua mgongo chake kilikuwa dirisha namba saba.

"Nimesikia hapa kuna mahali pa kuandikisha," alisema kwa aibu.

"Hapa hakuna fedha, baba," alisema Bi Mwanahawa.

"Hata kule hakuna. Nataka tu iandikwe na mtu asiyefuta."

Bi Mwanahawa alichukua msumari, akamwekea alama. Lwambano aliipitishia kidole, akashukuru, akaondoka. Kesho yake alikuja muuguzi. Halafu mafundi wa kozi tisa. Halafu walimu, shule nzima, wakiwa wamepanga mstari. Halafu mpiga ngoma wa bendi, aliyeomba alama mbili za ziada kwa ajili ya tarumbeta. Watu walinong'ona kwamba nchi hatimaye ina ofisi inayofanya kazi. Hakuna alama hata moja iliyokatwa.

Kabla ya mvua kuanza, fremu ilijaa, miimo yote miwili na kizingiti cha juu, hapakubaki nafasi ya kupitisha ukucha. Bi Mwanahawa akamwita binti yake amsaidie, wakaigeuza. Upande wa pili haukuwahi kupakwa rangi, mti ulikuwa mwekundu kama siku uliporandwa.

Akashika msumari.

"Haya, Siku. Hapa pa kwanza kabisa nimekuwekea wewe. Miezi saba. Karatasi arobaini na moja. Sogea nikuandike."

Sikudhani hakusogea. Alikuwa ameshika ile barua, imekunjwa mara nne, imeanza kuwa ya njano.

"Mimi siwezi kudai, mama," alisema. "Mimi nina barua."